Besi Tatu kwa Mpigo Mmoja

Nyuma ya nyumba tunayoishi hapa Dodoma kuna kiwanja cha mpira kisicho na ukuta wala uzio, na wakati wa kiangazi, ardhi inapokauka na kuwa ngumu kama sakafu, shuti likimpita mlinda mlango mpira hauzuiliki hadi uufikie mbuyu ulio ng'ambo ya barabara. Juzi jioni nilimtazama mtoto aliyetumwa kuufuata. Aliporudi, vumbi likiwa limemganda shingoni kwa jasho, wenzake walikuwa wamekwisha kukaa chini. Umbali wa namna hiyo ndio uliozaa rekodi ninazozipenda kuliko zote katika besiboli ya kale ya Marekani.

Katika mchezo huo mpigaji akishaupiga mpira kwa gongo hukimbia kuzunguka besi, vituo vinne vilivyo kwenye pembe za mraba. Kati ya besi moja na nyingine kuna futi 90, yaani zaidi kidogo ya mita 27. Anayepiga mpira ukavuka uzio huzunguka taratibu, kwa kuwa hakuna wa kumtoa; lakini anayetaka kufika besi ya tatu kwa mpigo mmoja hana budi kukimbia mita 82 hivi, akikata kona mbili, huku mpira ukirudishwa uwanjani kwa nguvu zote ili umtangulie.

Bingwa wa mbio hizo ni Sam Crawford, mzaliwa wa mji mdogo wa Wahoo, Nebraska, aliyejifunza ukinyozi kabla ya kuingia katika besiboli ya kulipwa. Kuanzia mwaka 1899 hadi 1917, kwanza akiwa Cincinnati na kisha Detroit, alipata mipigo ya besi tatu 309, na hakuna mwingine katika ligi kuu aliyewahi kufikisha 300. Anayemfuata, Ty Cobb, alikuwa mwenzake katika timu hiyohiyo ya Detroit kwa miaka mingi, ingawa wawili hao hawakupatana. Honus Wagner wa Pittsburgh ana 252.

Wengi husifu miguu yao tu, na kwa maoni yangu huko ni kuusahau uwanja. Mpira wa enzi zile ulitumika muda mrefu hadi ukachakaa na kulainika, kwa hiyo ulikuwa mzito kuruka mbali. Nazo kuta zilikuwa mbali mno. Forbes Field ya Pittsburgh, iliyofunguliwa mwaka 1909, ilikuwa na zaidi ya futi 440 kutoka kwa mpigaji hadi ukuta wa katikati. Mpira uliopenya kati ya walinzi wawili uliendelea kubingirika, na mpigaji aliendelea kukimbia.

Hapo ndipo Owen Wilson alipofanya jambo ambalo bado linanishangaza. Mwaka 1912 alipata mipigo ya besi tatu 36 katika msimu mmoja, rekodi ambayo haijavunjwa, ilhali katika misimu yake mingine yote hakuwahi kuzidi 14.

Baada ya mwaka 1920 mipira mipya ilianza kutumika kwa wingi, mpigaji nyota Babe Ruth akawafundisha watu kutamani mpigo wa kuvuka uzio, na polepole viwanja vikapunguzwa. Mwaka 2007 Curtis Granderson, akiichezea Detroit ileile ya Crawford katika uwanja uliosifika kwa upana wake wa katikati, alifikisha 23. Ni hesabu kubwa mno kwa zama hizi, na bado alipungukiwa na 13 kumfikia Wilson.