Siku nane shambani bila umeme: nilivyoacha kutegemea betri, nikategemea barafu

Shamba letu liko barabara ya Kasenga, mwendo wa saa mbili na zaidi kutoka Lubumbashi, kusini-mashariki mwa Kongo, kama barabara haijaharibika sana. Umeme haufiki huko. Kila mwaka mwezi wa tisa, kabla ya mvua ya kwanza, tunakwenda ndugu kumi na mmoja, wakubwa kwa watoto, tunapiga mahema chini ya miembe miwili aliyoipanda nkambo, yaani babu yetu, na tunakaa siku nane kusafisha shamba. Mtu aliyeshika jembe tangu alfajiri hawezi kula bukari (ugali) kwa maharage siku zote hizo. Anataka samaki, anataka kuku, na watoto jua la saa sita likiwaka wanataka maji ya baridi. Mimi ndiye niliyejitwika kazi ya ubaridi, na miaka miwili ya mwanzo ilinishinda.

Mwaka 2022 niliazima frigo (friji) ndogo ya gari, ya lita 40, ile yenye kompresa inayokula volti 12. Nikaiunga moja kwa moja kwenye betri ya pikapu iliyotuleta. Usiku wa kwanza ilinguruma vizuri, nikalala na amani. Asubuhi ya tatu pikapu haikuwaka, na frigo ilikuwa imekwisha kuzima, sijui tangu saa ngapi. Yaya, ndugu yetu mkubwa, ambaye ndiye mwenye jiko letu, alifungua kifuniko, akainama, akanyamaza kidogo. "Hii kuku iko na harufu," akasema. Tulichimba shimo tukafukia kuku watano. Kilichoniuma zaidi ni kwamba jioni iliyotangulia tulikuwa tumekula wawili kutoka frigo ileile, na mtoto wa mdogo wangu akatapika usiku kucha. Alikuwa na miaka minne. Nilikaa naye nje ya hema na kikombe cha maji yenye sukari na chumvi, nikimnywesha kidogokidogo, hadi jogoo wa majirani wakawika.

Ndipo nilipojifunza jambo ambalo nyumbani mjini sikuwahi kulifikiria kwa makini: kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60, vijidudu vya chakula vinazaana haraka sana. Chakula kibichi cha nyama, au kilichopikwa, hakitakiwi kukaa katika joto hilo zaidi ya saa mbili, na joto la nje likipita nyuzi 32, saa moja tu. Mwezi wa tisa kwetu, saa nane mchana, kivulini, kipimajoto changu kinasoma 33. Hakuna nafasi ya kubahatisha.

Mwaka uliofuata nilijipanga. Nilinunua frigo kama ile, paneli ya sola ya wati 100 na betri ya Ah 100 (ampea mara saa). Hesabu niliifanya kwenye daftari la watoto: kompresa inakula wati 45 inapofanya kazi, na kwenye joto letu inafanya kazi kama asilimia 40 ya muda, maana yake karibu Wh 430 (wati mara saa) kwa siku. Betri ya madini ya risasi haifai kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo kwenye Ah 100 za volti 12 nina Wh 600 hivi za kutumia. Paneli, kwa jua zuri la muda wa saa tano, inatoa Wh 500. Karatasi ilisema inatosha.

Lakini usiku wa kwanza, karibu saa sita, frigo ikazima. Nikapima betri: volti 12.5, yaani bado ina nguvu nyingi. Usiku wa pili vilevile. Frigo hizi zina kinga inayozikata volti zikishuka, ili zisiue betri, na yangu ilikuwa inajikata wakati betri iko salama kabisa. Siku ya tatu nilichomoa waya, nikakwangua ncha yake kwa kisu. Rangi ya shaba ikatoka kama ganda la kitunguu, na ndani ulikuwa mweupe. Ilikuwa aluminiamu iliyopakwa shaba juu. Mji wetu unaishi kwa shaba, watu wanashuka chini ya ardhi kwa ajili yake, na mimi niliuziwa waya huo kama shaba tupu. Nilikasirika kweli. Aluminiamu inapitisha umeme vibaya kuliko shaba, waya wenyewe ulikuwa mwembamba, na nilikuwa nimeuvuta mita sita kutoka kwenye betri hadi hemani. Kila kompresa ilipotaka kuanza, volti zilipotelea njiani, na frigo ikaona betri imekufa.

Kwa hiyo ukinunua waya wa sola, ukwangue hapohapo dukani kabla ya kutoa hela. Sasa ninatumia shaba ya milimita 6 za mraba, mita mbili tu, na fyuzi karibu na betri. Frigo ndiyo inayosogea kufuata betri. Na usipitishe umeme kwenye inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, ili kuwasha frigo ya nyumbani ya volti 220 kama una betri moja: inveta yenyewe inakula hata pale frigo inapopumzika.

Waya ulirekebishwa, frigo ikafanya kazi hadi asubuhi. Bado haikutosha. Mwezi wa tisa ni msimu wa kuchoma nyasi huku Katanga, na anga lote linakuwa na moshi. Jua unaliangalia jekundu kama kaa la moto saa kumi na moja jioni. Paneli yangu ya wati 100 saa sita mchana ilitoa 65, siku nzuri 70. Ilikuwa imeelekea kaskazini kama inavyopaswa, kwa sababu Lubumbashi iko kusini mwa ikweta na mwezi huo jua bado linapita upande wa kaskazini, na nilikuwa ninaifuta vumbi mara mbili kwa siku. Hata hivyo kila asubuhi betri ilikuwa chini kuliko asubuhi iliyopita. Siku ya sita tulirudi kwenye maharage.

Aliyenifungua macho ni baba mdogo, na hakuwa hata akizungumzia frigo. Tulikuwa tumekaa motoni, lori la samaki likapita barabarani usiku kwenda mjini, akaanza kukumbuka. Samaki wa mto Luapula wamekuwa wakipita barabara hii tangu mji wetu unaitwa Elisabethville, siku ambazo Wagiriki walikuwa wakifanya biashara ya samaki pale Kasenga. "Ni barafu tu," akasema. "Barafu nyingi, na vumbi la mbao kuizunguka. Kasenga mpaka mjini ni kilomita mia mbili na zaidi, barabara ya vumbi, na samaki alifika."

Sikulala mapema usiku ule. Nilirudi kwenye daftari. Kilo moja ya barafu, ili iyeyuke yote, inahitaji kumeza joto la kama Wh 93. Kilo ishirini zinameza zaidi ya Wh 1,800, na kwenye betri yangu nina 600 tu za kutumia. Na barafu hiyo ninaweza kuigandisha mjini kabla ya safari, bure kabisa, bila paneli wala waya. Miaka miwili nilikuwa ninajaribu kutunza umeme ili utengeneze ubaridi usiku, kumbe ningetunza ubaridi wenyewe.

Mwaka 2024 nilianza siku sita kabla ya safari. Mama mkubwa ana frigo kubwa ya kugandishia, ile ya kufungulia juu, na kwa kuwa umeme mjini unakatika, siku sita ndizo zilizohakikisha kila kitu kimeganda hadi katikati. Nilijaza madumu mawili ya lita 5 na chupa saba za lita 1.5. Usijaze mpaka shingoni. Maji yakiganda yanaongezeka karibu asilimia 9 na chupa inapasuka. Barafu ya kwenye chupa ninaipenda kuliko ile ya vipandevipande, kwa sababu inayeyuka taratibu, hailoweshi nyama, na ikiisha kuyeyuka ni maji ya kunywa. Samaki aina ya thomson nilimnunua akiwa ameganda, nikamfunga katika mifuko ya mlo mmoja mmoja, nikamrudisha kwenye baridi. Samaki mgumu namna hiyo naye ni barafu.

Sanduku la barafu ni lilelile la plastiki la lita 50 tulilokuwa nalo kwa ajili ya sherehe. Nililivisha koti. Nilikata frigoliti, lile povu jeupe jepesi linalokuja na televisheni mpya, unene wa sentimita nne, nikalizungushia pande zote, chini na juu ya kifuniko, nikalifunga kwa utepe wa gundi na blanketi la zamani. Lilikuwa na sura mbaya, lakini lilifanya kazi. Kulala kwake ni juu ya mbao mbili, si chini kwenye udongo, upande wa mwembe ambao jua haliufikii kutwa. Nafasi tupu ndani yake niliijaza nguo safi zilizokunjwa, kwa sababu kila ukifungua, hewa yote baridi iliyo tupu inamwagika na ya moto inaingia.

Na ufunguo wa sanduku nilimpa Yaya. Linafunguliwa mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, na anajua anachotaka kabla ya kuinua kifuniko. Vinywaji vya watoto vilikuwa na ndoo yao nyingine yenye chupa moja ya barafu, waifungue wanavyotaka. Kama ningechagua badiliko moja tu kati ya yote, ningechagua hilo la kutenganisha vinywaji na nyama.

Frigo ya sola haikuachwa nyumbani. Niliibadilishia kazi tu. Sasa inafanya kazi mchana peke yake, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, jua likiwa juu, ikiwa imewekwa kwenye baridi ya kugandisha. Ndani yake: samaki, na chupa mbili za maji zilizoyeyuka kutoka kwenye sanduku. Jioni chupa hizo zimeganda, zinarudi sandukuni, nyingine mbili zinatoka. Kilo tatu za barafu mpya kila siku, kutoka kwenye jua lenye moshi. Betri inaziba tu pengo mawingu yakipita, na ya Ah 40 ingetosha. Usiku ninazima kabisa, ninaifunika blanketi nene, na asubuhi ninalitoa blanketi, maana kompresa isipopumua inapata moto. Ili samaki asilainike usiku, kulikuwa na chupa nyingine mbili humo zisizotoka kamwe, zenye maji ya chumvi, gramu 150 katika lita 1.5. Maji hayo yanaanza kuganda kwenye nyuzi 6 hivi chini ya sifuri, na yanapoyeyuka yanazuia joto la ndani lisipande haraka. Ziandike kwa kalamu nzito, mtoto asije akazinywa.

Mboga na nyanya hazikuingia kwenye barafu. Kwa hizo nilinunua vyungu viwili soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, kimoja kikubwa, kingine kinachoingia ndani yake na kuacha nafasi ya vidole vitatu pembeni. Nafasi hiyo unaijaza mchanga, unamwagia maji asubuhi na jioni, unafunika kwa kitambaa kilicholowa, unakiweka kivulini palipo na upepo. Maji yanapokauka kupitia udongo yanachukua joto. Mwalimu wa Nigeria, Mohammed Bah Abba, alisambaza vyungu vya namna hii kaskazini mwa nchi yake, na mwaka 2000 akapewa tuzo ya Rolex kwa kazi hiyo. Hewa yetu ya mwezi wa tisa ni kavu hadi midomo inapasuka, na ukavu huo ndio mtaji wa chungu. Nje nyuzi 33, ndani 20. Nyanya, biringanya, mayai na siagi vilikaa siku zote nane. Nyama usithubutu kuiweka humo, nyuzi 20 haziilindi. Na mvua zikianza, hewa ikijaa unyevu, chungu hakipozi tena. Huo ni ujuzi wa kiangazi tu.

Kila jioni niliandika joto la ndani ya sanduku. Siku tatu za kwanza lilikuwa 2 au 3. Siku ya tano 4. Siku ya sita moshi ulizidi, chupa moja haikuganda vizuri, na asubuhi ya saba likasoma 6. Nilimwambia Yaya kuku waliobaki wapikwe siku hiyohiyo, wote, na tulikula kuku mchana na usiku bila kubakiza kitu sufuriani. Samaki walikuwa salama ndani ya frigo.

Siku ya nane, wengine wakifungua mahema, Yaya alitoa mfuko wa mwisho wa thomson. Aliugonga kwenye ubao wa kukatia, ukalia ko, ko, kama kipande cha mti. Mtoto wa mdogo wangu, sasa ana miaka sita, alikuwa amesimama pembeni akiomba chupa ya barafu ya mwisho aishike njiani kurudi. Ilikuwa bado na barafu katikati, unene wa mkono wake.