Yanga Waliogeuka Azam

Steshenari ya mama mdogo pale Temeke ilikuwa na printa moja tu ya rangi, na ndiyo iliyolipa kodi ya fremu. Fotokopi zilileta sarafu. Picha, kadi za harusi na ratiba za misiba ndizo zilizoleta noti. Printa yenyewe ilitoka kiwandani ikiwa ya katriji, ila mafundi wa Kariakoo walishaitoboa ubavuni na kuifungia matangi manne ya nje, kila moja na mrija wake mwembamba: nyeusi, bluu, pinki na njano. Sura yake ilikuwa mbaya, lakini wino wa chupa ulikuwa rahisi kiasi kwamba hakuna aliyejali sura.

Mei 2016 tukahamia fremu ya mtaa wa pili. Printa ilikuja kwa bajaji, imelazwa ubavu juu ya rimu za karatasi.

Mwezi huo Yanga walikuwa wametwaa ubingwa wa ligi, kisha wakaifunga Azam kwenye fainali ya Kombe la FA. Mtaani kelele haziishi. Mwenyekiti wa tawi lao, mzee mmoja mwenye kofia ya kijani asiyoivua hata juani, akatuletea picha ya wanachama wamejipanga safu tatu kwenye ngazi za shule, wote na jezi zao za kijani na njano. Alitaka kila mwanachama apate nakala yake, ukubwa wa A4.

Nakala ya kwanza ikatoka taratibu. Safu ya juu safi kabisa. Safu ya kati, kijani kimepauka. Waliochuchumaa mbele walikuwa wamevaa bluu na nyeupe, na nyuso zao zambarau.

Mzee akaishika kwa mikono miwili, akaitazama kwa muda.

"Mwanangu, hawa wa mbele wamesajiliwa Azam lini?"

Mama mdogo, Simba wa kuzaliwa, alicheka mpaka akatafuta kiti.

"Usicheke sana, mama," nikamwambia. "Jezi nyekundu ya Mnyama wako ingepita humu ingetoka pinki."

Ndivyo zilivyo printa hizi. Kijani hakina tangi lake. Mashine inakipata kwa kulaza bluu na njano pamoja. Nyekundu nayo ni pinki na njano. Njano ikikatika, kijani kinabaki bluu, nyekundu inabaki pinki, na pale palipotakiwa njano tupu panabaki weupe wa karatasi. Kwa hiyo jezi ya Yanga isiyo na njano ni jezi ya Azam, huwezi kubisha.

Nikatazama tangi la njano: wino umevuka nusu. Nikabonyeza mashine ijisafishe hedi, kile kichwa kinachonyunyizia wino kwenye karatasi. Njano ikarudi! Nikachapa tena, na safu ya mbele ikahamia Chamazi, nyumbani kwa Azam, tena. Tukaenda hivyo mchana mzima, safisha, chapa, safisha, huku mzee akiahidiwa kesho.

Tukaita fundi. Alikuja na bomba la sindano, akaivuta hedi kidogo, akanusa sijui nini, kisha akatangaza, "Hedi imekufa." Bei aliyotaja ya hedi nyingine ilikaribia ya printa nzima iliyotumika. Siwapendi mafundi wenye kauli hiyo. Kwao kila kitu kimekufa, na wauza majeneza ni wao.

Mama mdogo hakukubali. Kesho yake akamleta fundi mwingine kutoka Kariakoo, mtu wa makamo, mpole. Huyu hakuigusa printa.

"Nipeni kwanza karatasi mlizoharibu."

Akazipanga juu ya kaunta. Zote zilikuwa na tabia moja: njano inaanza vizuri, inapungua, inatoweka kabla ya ukurasa kuisha. "Tundu la hedi likiziba," akasema, "limeziba tangu juu hadi chini, utaona mistari mitupu palepale. Hii yenu inaanza ikiwa imeshiba, inamaliza na njaa. Wino haufiki."

Akaisafisha hedi, akatoa karatasi ya majaribio, ile ya vistari vya kila rangi. Vya njano juu ya karatasi nyeupe huwezi kuvihesabu, macho yanauma. Yeye akachomoa kwenye rafu yetu kava la plastiki la bluu, lile la kubaindia ripoti, akalilaza juu. Vistari vya njano vikajitokeza vyeusi, vyote, hakuna kilichokatika. Miezi yote nilikuwa nauza makava yale bila kujua kwamba ni kifaa. Kisha akachapa ukurasa mzima wa njano, akarudia majaribio, akalaza tena kava: vistari nusu havipo.

Ndipo alipogeukia tangi. Juu yake kuna kitundu cha kuingizia hewa chenye kichujio kidogo. Cha njano kilikuwa kimelowa wino, ukakaukia humo na kuganda. Hewa isipoingia, wino hautoki, kama dumu la mafuta lenye tundu moja. Pampu ya kusafishia hedi inanyonya kwa nguvu, ndiyo maana kila tukisafisha njano ilirudi kwa muda.

"Hii printa ililazwa?" akauliza.

Mama mdogo akamtaja dereva wa bajaji kwa maneno nisiyoweza kuyaandika hapa.

Fundi akabadilisha kichujio, akavuta wino kwa sindano mpaka mapovu yakaisha kwenye mrija, akasafisha hedi mara moja tu. Akatuonya kuhusu kusafisha ovyo: wino ule wote unamwagwa kwenye sponji chini ya mashine, na printa ikihesabu kwamba sponji imejaa, inagoma kuchapa. Alitoza elfu kumi na tano.

Jioni mwenyekiti akaja kuchukua mzigo wake, kijani cha Jangwani juu mpaka chini. Akazihesabu, akalipa, kisha akaulizia ile iliyoharibika.

"Ya nini tena, mzee?"

"Kuna mjumbe hapo mbele hajalipa ada tangu Januari. Hiyo ndiyo yake."