Kazi ya kwanza baada ya shahada ya sayansi ya chakula

Chuoni tulikariri: maziwa hupashwa moto hadi nyuzi 72 kwa sekunde 15, kisha hupozwa haraka. Kazini, kitengo cha ubora, hakuna aliyeniuliza hayo. Nilikabidhiwa mabuti meupe, daftari na kifaa cha kupimia pH (kipimo cha asidi), nikapelekwa kwenye makopo ya chakula. pH ikizidi 4.6, yaani asidi ikiwa ndogo, kopo haliondoki mpaka lipikwe kwa mvuke wa presha, nyuzi 121 hivi, maana bakteria wa botulizimu, ugonjwa hatari wa sumu ya chakula, hustawi pasipo hewa.

Sasa kumwambia msimamizi mwenye umri wa baba yako asimamishe mtambo, hilo mtaala gani unafundisha? Mikrobiolojia niliyoichukia ndiyo inayonilisha. Kalkulasi sijaiona tena. Mnaotafuta mafunzo kwa vitendo, ombeni zamu ya kuosha mitambo. Pale ndipo utajua uchafu hujificha wapi.