Siku moja na kikombe cha chai (kazi yangu ni kupima athari za bidhaa)

Saa kumi na moja na nusu asubuhi. Niko steji na laptopu na gambuti, naelekea kiwanda cha chai upande wa Limuru. Mi hupima vile bidhaa inaathiri mazingira tangu shambani hadi ikishatumika, na nikisema hivyo watu hudhani naongelea takataka tu.

Saa mbili. Kwa boila. Chai haikaushwi na jua jamani, ni joto la boila, na boila ni kuni, mikaratusi imepangwa mpaka karibu na geti. Rekodi zao ziko kwa kyubiki mita na mi nataka kilo, tena kilo kavu, basi natoa kale kamashine ka kupima unyevu, ka misumari miwili, nakadunga kwa gogo, unyevu asilimia 38. Mzee wa boila akacheka. “Madam, hiyo ningekwambia bila mashine, skiza vile inalia.” Na kweli povu lilikuwa linatoka kwa ncha, yaani moto unaanza kukausha kuni kabla hata ufikirie majani.

Saa tano niko kwa mkulima, nauliza mbolea. Anaweka 26:5:5, hiyo namba ya kwanza ni asilimia ya nitrojeni. Gunia la kilo 50 lina kilo 13 za nitrojeni, na ukifuata kanuni ya IPCC (jopo la UN la wanasayansi wa tabianchi) ya asilimia 1 ya nitrojeni kugeuka nitrasi oksaidi, gesi yenye nguvu mara 273 ya kaboni dioksaidi, gunia moja ni sawa na kilo 56 hivi za kaboni dioksaidi, na hapo sijagusa kiwanda kilichoitengeneza.

Saa saba, githeri, mbio.

Saa nane ofisini, nafungua openLCA, programu ya kupigia hizi hesabu. Hesabu yangu si ya kilo ya majani, ni ya kikombe cha mililita 250 kikiwa moto mezani, na hapo ndo mambo hugeuka. Majani ni gramu 2 tu. Meli kutoka Mombasa, ambayo mteja alikuwa anaiogopa sana, haionekani hata kwa grafu maana inabeba mzigo mwingi kwa mpigo. Maji ya birika yanaonekana, ingawa stima yetu nyingi ni ya mvuke wa ardhini wa Olkaria na mabwawa, jiko la makaa ni stori ingine. Alafu unaweka maziwa. Ng'ombe anacheua metheni, gesi inayopasha dunia joto, akupe lita tano au ishirini, sasa wa lita tano mzigo wake unagawanywa kwa lita chache, na mstari wa maziwa ukapita wa majani mbali sana.

Saa kumi mteja anapiga. Anataka kuandika kwa pakiti kwamba chai yake ni safi kuliko za wengine. Namwambia ISO 14044, kiwango cha kimataifa cha hii kazi, inataka jopo la wakaguzi wa nje kabla ya kujilinganisha na wengine hadharani.

“Na tukitoa maziwa?”

“Sawa boss, lakini kwa pakiti uandike hesabu ni ya strungi.”

Akasema wacha kwanza aongee na watu wa mauzo.