Kabla fomu hazijajazwa

Kigoma, Septemba

Msimu wa kubadilishana hadithi za mashabiki unakaribia, na nimeona niandike sasa, kabla watu hawajaanza kujaza fomu. Mengi yanayoharibika Desemba huwa yameshaharibika Septemba, kwenye maombi.

Kwa asiyeufahamu mchezo huu: kila anayejiunga hutaja hadithi anazotamani kuandikiwa, kisha hutaja zile anazoweza kuwaandikia wengine. Msimamizi anawaoanisha kwa siri. Unamwandikia mtu mmoja na unaandikiwa na mtu mwingine, kwa kutumia wahusika wa ngano, riwaya, filamu au tamthilia mnayoipenda nyote wawili. Hakuna anayelipwa. Mabadilishano yanayojulikana sana kwa hadithi zenye mashabiki wachache ni Yuletide, yaliyoanza mwaka 2003 na ambayo kiwango chake cha chini ni maneno 1,000. Hadithi hufunguliwa tarehe 25 Desemba, na majina ya waandishi hubaki yamefichwa hadi tarehe 1 Januari. Naipenda sana hiyo wiki ya katikati. Mtu anasoma zawadi aliyotungiwa yeye peke yake, na wa kumshukuru hamjui.

Ombi ndilo ninalolipa uzito kuliko vyote. "Chochote kuhusu Sungura na Fisi" linasikika kama ukarimu, lakini mwandishi anayelipokea hana pa kuanzia. Atatunga ile ngano ya kudanganyana inayojulikana na kila mtu, nawe utapokea kitu ulichokwisha kukisikia utotoni. Ombi zuri lina mambo matatu, na linayatenganisha waziwazi. La kwanza ni wahusika unaowataka. Hao ni lazima wawemo. La pili ni miiko yako, yaani mambo usiyotaka kuyakuta kabisa, nayo pia ni lazima iheshimiwe. Yaliyobaki ni mapendekezo tu, na useme hivyo, ili mwandishi asidhani anadaiwa kila kitu. Kwa mfano: "Namtaka Fisi, siku chache baada ya kudanganywa. Nani anamliwaza? Nampenda kwa sababu anaamini watu upesi. Ikitokea kando ya ziwa nitafurahi, isipotokea si neno. Miiko: kifo cha mtoto, na mapenzi ya kulazimishana." Sentensi hizo chache zinampa mwandishi swali la kujibu, na swali ndilo linalozaa hadithi.

Miiko iwe mifupi na iwe mahususi. Ukiandika "sipendi huzuni", kila msomaji ataipima huzuni kwa kipimo chake. "Isiishie kwa msiba" inaeleweka na wote. Wala mtu asidaiwe sababu ya mwiko wake.

Upande wa ahadi, yaani zile unazosema utaweza kuwaandikia wengine, taja tu unachoweza kukiandika hata kama ungekipata chenyewe peke yake. Wengine hutaja vitu kumi ili waonekane wepesi, wakitumaini watapangiwa kile kimoja wanachokipenda. Upangaji haujui kinachopendwa zaidi, nao wanaishia na kile cha kumi.

Kuoanisha kundi la watu kumi hakuhitaji programu yoyote. Chora jedwali: waombaji kushoto, waandishi juu, kisha weka alama kila penye ahadi inayokutana na ombi. Hesabu alama za kila mstari, uanze na mstari wenye alama chache kuliko yote. Aliyebakiwa na mwandishi mmoja tu apewe huyo papo hapo. Kata safu ya mwandishi huyo, halafu hesabu upya. Wasimamizi wengi wapya huanza juu na kushuka chini kwa mpangilio wa majina, wakiwagawa waandishi adimu kwa watu ambao wangeweza kuandikiwa na yeyote, na mwishoni anabaki mwombaji asiye na mwandishi.

Kuna mkwamo ambao hakuna jedwali linaloweza kuukwamua: watu watatu wameomba Abunuwasi peke yake, na walioahidi Abunuwasi ni wawili. Dawa yake inatumika kabla fomu hazijafungwa. Kila mmoja aombe angalau hadithi tatu zisizofanana, na msimamizi atangaze, bila kutaja majina, ni maombi gani ambayo bado hayana mwandishi. Mara nyingi tangazo hilo linatosha. Yupo aliyekuwa anaweza lakini hakudhani kuna anayehitaji. Tena, kwenye kundi dogo epuka kuwapanga wawili waandikiane. Mmoja akigundua, siri ya wote wawili imekwisha.

Wakati wa kuandika wenyewe, jambo moja tu ninalolisisitiza kwa watu wa huku: ukiweka hadithi kando ya Ziwa Tanganyika, kumbuka huenda msomaji wako amekulia Kibirizi au Ujiji. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikishakuwa kubwa wavuvi wengi hupumzika, kwani taa haifui dafu mbele ya mwezi. Sungura akipanda mtumbwi kwenda kuiba dagaa usiku wa mwezi mpevu, msomaji huyo ameshatoka kwenye hadithi. Ukimpandisha Liemba, angalia mwaka. Meli hiyo ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa 1924 na kurudi kazini 1927. Hadithi ya 1920 haina Liemba ya kupanda. Kulihakiki jambo kama hili ni kazi ya nusu saa, nayo ni sehemu ya zawadi.

Kwa wanaoshiriki mabadilishano makubwa kwenye Archive of Our Own, tovuti ya kuhifadhi hadithi za mashabiki, akaunti hupatikana kwa mwaliko, hivyo weka barua pepe yako kwenye foleni mapema. Andika kwenye programu ya simu inayohifadhi kazi bila intaneti, kwa sababu umeme na mtandao havikusubiri. Unapopandisha hadithi, weka tiki kwenye kisanduku kinachosema kazi hii inatimiza jukumu ulilopangiwa. Usipoweka, mfumo unakuhesabu hujawasilisha hata kama hadithi ipo pale pale. Rasimu isiyochapishwa haihesabiwi, na ikikaa mwezi hufutwa yenyewe. Saa ya mwisho nayo huandikwa mara nyingi kwa UTC, yaani saa ya kimataifa, na sisi tuko saa tatu mbele: 9:00 ya huko ni saa sita mchana hapa Kigoma, wala si saa tisa.

Atakayeshindwa kumaliza amwambie msimamizi mapema. Taarifa ya wiki mbili kabla haimwumizi mtu, kwa kuwa ombi linakwenda kwa mwandishi wa akiba, naye anapata muda wa kutosha. Kunyamaza hadi siku ya mwisho ndiko kunakoumiza, kwani mwandishi wa akiba anabaki na siku tatu za kufanya kazi ya wiki sita. Kwa watu kumi, waandishi wawili wa akiba wanatosha, na wawe wameshaombwa na kukubali kabla maombi hayajagawiwa. Mimi nawaheshimu hawa kuliko wote. Wanaandika haraka kwa ajili ya mtu ambaye hawakumchagua.

Zawadi ikifunguliwa, isome na uandike shukrani ndani ya siku mbili tatu. Taja kitu mahususi: sentensi iliyokugusa, au jinsi Fisi alivyozungumza. "Asante, nzuri sana" haimwambii mwandishi kwamba umesoma. Hadithi ikiwa imekwenda mbali na mapendekezo yako, shukuru kwa kilichofanikiwa. Mapendekezo hayakuwa deni. Ila mwiko ukivunjwa, usilalamike chini ya hadithi mbele ya watu. Mwandikie msimamizi faraghani, unakili mstari wa ombi lako na mahali ulipovunjwa, naye atazungumza na mwandishi bila kukutaja.