"Ugonjwa wa ukoo" ni jibu la haraka mno

Baba alifariki kwa saratani ya tumbo. Shangazi, dada yake wa baba mmoja mama mmoja, alitangulia kwa ugonjwa huohuo. Basi kila msiba utasikia: "Hii ni ya ukoo wetu." Kauli hiyo imenichosha, maana ikishatamkwa hakuna anayeuliza tena.

Ukoo hurithishana mengi zaidi ya jeni. Bakteria aitwaye Helicobacter pylori humpata mtu utotoni, mara nyingi kutoka kwa watu wa nyumbani mwake, na ndiye chanzo kikubwa cha saratani ya tumbo. Ndugu waliolelewa pamoja wanaweza kuugua wote bila jeni yoyote mbovu.

Ile ya kurithi hasa ni chache, asilimia 1 hadi 3 hivi ya wagonjwa. Inayojulikana zaidi hutokana na hitilafu katika jeni ya CDH1. Iligunduliwa mwaka 1998 katika familia ya Wamaori wa Nyuzilandi waliokuwa wakizika jamaa zao kizazi baada ya kizazi, wengine vijana kabisa. Na ni wanafamilia wenyewe waliowaendea watafiti! Hilo nalipenda.

Jeni hiyo hutengeneza protini inayozishikanisha seli. Ikiharibika, seli huachana na kutambaa chini ya utando wa tumbo bila kufanya uvimbe, hata kamera inaweza kupita isione kitu. Mzazi mwenye hitilafu hiyo huweza kumrithisha kila mtoto, nusu kwa nusu. Wanawake wanaoirithi hukabiliwa pia na aina moja ya saratani ya matiti. Wapo wanaokubali kuondolewa tumbo lote wangali wazima. Huishi, ila kwa milo midogo midogo na vitamini B12 maisha yao yote.

Nilipompelekea daktari majibu ya maabara ya baba, aliuliza umri wake, aina ya saratani, na kama kuna mwanamke wa ukoo aliyeugua matiti. Baba alikuwa mzee wa miaka 71, na yake ilikuwa ya uvimbe. Akasema tuanze na kipimo cha bakteria. Mimi na kaka tulikutwa naye, tukapewa antibiotiki na dawa ya kupunguza asidi.

Shangazi, hata hivyo, aliondoka hajafika hamsini. Karatasi zake sijaziona. Binamu zangu mnaosoma hapa, zitafuteni.