Hideo na leseni yake

Mimi ni msaidizi wa fundi wa mabango hapa Moshi. Fundi anaandika herufi, mimi napaka rangi ya chini: kuta za maduka, vibao vya saluni, migongo ya daladala. Kazi ikiisha, jina linalobaki pembeni ni lake. Ndiyo maana nilipoanza kusoma manga, yaani katuni ya Kijapani, ya Kengo Hanazawa, I Am a Hero, usiku chumbani kwangu Majengo, nilishtuka kabla zombi yeyote hajatokea.

Hideo Suzuki ana miaka 35. Aliwahi kuwa na katuni yake, ikakatishwa. Sasa anawachorea wengine. Usiku anakiogopa chumba chake mwenyewe, anaona watu wasiokuwepo na kuzungumza nao. Na jina lake, kwa Kijapani, linaandikwa kwa herufi zilezile za neno "shujaa". Kitabu cha kwanza karibu chote ni hayo. Rafiki yangu aliacha njiani, eti hakuna kinachotokea. Mimi nilikirudia mara mbili.

Halafu anakwenda kwa mpenzi wake, Tekko. Anainama, anachungulia kwenye tundu la barua mlangoni. Tekko yuko ndani, anainuka, lakini mwili unajipinda jinsi mwili wa mtu usivyojipinda. Hapo niliwasha taa.

Hideo ana bunduki ya kulengea shabaha, na ana leseni. Watu wanatafunana barabarani, yeye bado anaikumbuka sheria: bunduki ni ya mwenye leseni, mwingine asiishike. Wengi watamwita mwoga. Mimi namwamini kuliko mashujaa wote wanaofyatua risasi kuanzia ukurasa wa kwanza.

Mwaka jana fundi akiwa msibani, mteja aliniambia, "Dogo, malizia wewe, andika na jina lako, nani atajua?" Brashi ilikuwa mkononi, imeshalowa nyekundu. Nikamjibu, "Kaka, tumsubiri fundi." Akaondoka akisonya. Nilikaa na maneno yake wiki nzima, mpaka nilipokutana na Hideo.

Sasa amefika msituni chini ya mlima Fuji, amekutana na msichana wa sekondari, Hiromi, na inabidi aongee na mtu wa kweli. Manga hii ilianza 2009 ikaisha 2017, vitabu 22. Nasoma polepole makusudi. Sitaki kumwacha peke yake kule.